Usukani Umenyooka, Lori Limepinda

Waithaka, Nairobi
Jumatano alasiri

Kwa kaka yangu Wafula,

Nakusalimu, na salamu ni ya kweli ingawa nina hasira. Mgongo wako unaendeleaje? Magoti ya Mama je, yamekubali ile dawa ya kuchua niliyotuma, au bado anawapa majirani na kusema yeye si mgonjwa? Mvua imeshuka huko, au mahindi bado yanaingoja? Sisi huku ni wazima. Shemeji yako anakwenda kazini Parklands na kurudi, watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na mama mkwe wangu bado anatawala boma hili kwa fimbo na sauti.

Adabu nimeimaliza. Sasa nisikilize, na usinikatie, kwa maana barua haina kitufe chekundu kama simu yako.

Umewaambia watu wa nyumbani kwamba Nanjala amelikamata lori la Baba, amelivunjavunja uani kwake, na ndizi zinaivia shambani kwa sababu ya kiburi cha mwalimu wa karakana aliyekosa wanafunzi. Mama ndiye aliyenieleza, akipunguza sauti kana kwamba uko nyuma ya mlango. Na ndiye aliyenieleza lile jingine, ambalo wewe hukunieleza. Nitaanza na hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike spana.

Siku ya kumbukumbu ya Baba, baada ya maombi, Simiyu alishika jagi na beseni akawanawisha wageni, maana yeye ndiye kitinda mimba na hiyo ndiyo kazi yake tangu akiwa mdogo. Sasa ana mke na watoto watatu, na bado akainama mbele ya kila mgeni. Jagi likatetemeka. Maji yakamwagikia mchungaji mkononi mwa koti. Na wewe, kaka mkubwa, uliyeketi kwenye kiti cha Baba, ukasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Mnaona hiyo mikono? Hiyo si baridi. Hiyo ni chang'aa." Watu wakacheka. Ukaendelea. Ukasema ndiyo sababu aliliingiza lori mtaroni karibu na daraja, ndiyo sababu alikaribia kumkwangua yule wa bodaboda, na kwamba akishapeleka shehena moja zaidi Nairobi, ufunguo utapewa dereva mwingine.

Mama anasema Simiyu alimaliza kuwanawisha waliobaki, akaweka jagi chini, akaenda kuketi ndani ya lori.

Alipomaliza kushusha ndizi Kangemi alikuja kutusalimu, kama kawaida yake. Nilikuwa langoni. Wewe unanijua, sitazami uso wa dereva, natazama magurudumu. Aliukata usukani kuingia, na magurudumu yakabaki yametazama mbele. Akaukata zaidi, akajiinua kidogo kitini, bega la kushoto likiwa mbele kama mtu anayesukuma mlango uliovimba. Kisha kitu kikaachia ghafla na lori likaruka kuelekea nguzo ya lango. Alilirudisha kwa nguvu ya mabega. Yote hayo ni kona ya kuingia kwa dada yake, mwendo wa mtu anayetembea.

"Simiyu, hiyo usukani imekuwa hivyo tangu lini?"

"Hivyo vipi?"

"Unapigana nayo."

"Si ni lori, dada. Sio baiskeli."

Nikamkaribisha chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili, kama mgonjwa. Mama alikuwa ameshanipigia, kwa hiyo nilimuuliza bila kuzunguka: "Unakunywa?"

"Si ndio hii nakunywa."

"Usinichezee."

Aliweka kikombe chini. "Tangu Baba afe sijaonja, dada. Lakini wamesema sana mpaka hata mimi siku zingine naamka najiuliza, ama nilikunywa jana nikasahau?"

Soma sentensi hiyo tena, Wafula. Mtu mzima, hajagusa pombe, anajichunguza pumzi asubuhi kwa sababu kaka yake amesema.

Nikachukua ufunguo. Ukapiga simu. Ukasema, na nakunukuu kwa sababu ulipiga kelele hadi mama mkwe akasikia kutoka kwenye bustani yake ya sukuma wiki: "Nanjala, hilo lori si la darasa! Usukani uko sawa, fundi alitengeneza, mimi mwenyewe niliona umenyooka!"

Uliona umenyooka. Shika neno hilo, nitarudi kwalo.

Boma letu unalijua, lina nafasi ya lori moja na hasira za watu wawili. Niliweka jeki, nikaweka vigingi vya chuma chini ya ekseli, maana mimi siingii chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake, hata kama wanaume wote wa Dagoretti wanaingia. Mama mkwe, ambaye nami humwita Cucu kama wajukuu zake, akaja na fimbo yake. "Wewe mama wa watoto, hii ni boma ama ni gariji?"

"Ni boma, Cucu. Leo tu."

"Hiyo mafuta ikifika kwa sukuma yangu, utaikula wewe na huyo ndugu yako mrefu."

Jirani yetu mmoja, fundi wa barabarani, kijana mzuri asiyelala njaa wala asiyejifunza, alisikia chuma akaja na nyundo kubwa begani. Nilikuwa nimeufikia ule mkono wa chuma unaotoka chini ya boksi la usukani, ule unaosukuma magurudumu. Umeingia kwenye shafti yenye meno, na umekaa hapo kama jino kwenye ufizi.

"Mathe, hiyo hupigwa," akaniambia. "Unaipasha moto inakuwa nyekundu, unagonga, inatoka ikiimba."

"Na shafti ikipasuka?"

"Tunachomea."

"Na ikiachana kwa kona, na mtu ako ndani?"

Akacheka. "Hapo sasa ni Mungu."

"Mungu hakutengeneza hii shafti," nikamwambia. "Usimpatie kazi yako."

Hapo ndipo damu inaponichemka, na utanisamehe nikipanda jukwaani kidogo. Unajua zana zangu zilitoka wapi. Chuo kilipoamua kwamba karakana ya magari imepitwa na wakati, walileta kompyuta, wakapaka ukuta rangi, na zana zote wakaziuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kwa uzito! Spana ya kupima nguvu ya kukaza, ambayo nilikuwa nawakataza wanafunzi wasiidondoshe hata mezani, ilitupwa juu ya mizani pamoja na miguu ya viti. Nilinunua nilivyoweza kununua, nikabeba, nikaviweka stoo nyuma ya nyumba, na watu wakanicheka. Wakati huohuo, kule Upper Hill, nilialikwa kuketi katika ukumbi wenye baridi ya mashine na chupa ya maji mbele ya kila mtu, tukaambiwa kutwa nzima kwamba nchi hii itakuwa nchi ya viwanda. Nikanyanyua mkono nikauliza ni nani katika ukumbi huo aliyewahi kufungua nati. Sikualikwa tena. Nimeandika magazetini mpaka wahariri wameijua hati yangu na kuiogopa. Na nitasema tena: hatukosi akili. Tunaondolewa zana mikononi, kisha tunaambiwa kupiga nyundo ndiyo akili yetu. Kijana wa nyundo hana pula, kile kifaa cha kuvuta chuma kilichokwama bila kukigonga, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha pula. Hilo simlaumu.

Pula yangu ni ile ya kucha mbili na skrubu ndefu katikati. Nikaikumbatisha ule mkono, nikakaza, nikangoja, nikakaza tena kidogo. Kijana akasema, "Hiyo haitatoka." Ikalia mlio mmoja kama risasi, mama mkwe akamwita Yesu, na mkono ukashuka mikononi mwangu bila kuguswa na nyundo. Yule kijana aliweka nyundo chini akaiomba pula aishike. Nikampa. Aliigeuzageuza muda mrefu.

Sasa nakuja kwa fundi wako, na kwako.

Chuma cha ule mkono kilikuwa na rangi ya samawati na zambarau, rangi ya chuma kilichochomwa. Kwa hiyo uliwahi kupashwa moto na kutolewa kwa nyundo. Nikatafuta alama. Kabla ya kuutoa mkono huo, fundi hupiga alama moja ikatize mkono na shafti, ili ukirudishwa urudi palepale. Hakukuwa na alama. Nikaanza kuogopa.

Nikalizungusha boksi hadi mwisho wa upande mmoja, hadi mwisho wa upande wa pili, kisha nikalirudisha nusu ya safari, ili lisimame katikati yake halisi. Nikamwambia Simiyu apande kebini atazame usukani.

"Umekaa aje?"

"Umepinda, dada. Umetazama kule Ngong."

Boksi likiwa limenyooka, usukani umepinda. Wakati wewe, barabarani, ulikuwa unaona usukani umenyooka. Umeelewa? Kama hujaelewa nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Fundi wako aliurudisha mkono ukiwa umeruka jino moja. Lori likienda moja kwa moja, usukani ukawa umekaa upande. Badala ya kurudi chini kutafuta kosa, alipanda juu, akafungua gurudumu la usukani lenyewe, akalizungusha mpaka likaonekana limenyooka, akafunga. Alinyoosha kile anachokiona dereva. Kilichopinda akakiacha gizani, ndani ya oili.

Na haikuishia hapo. Ndani ya boksi lile, meno yake yamechongwa makusudi yabanane zaidi pale katikati tu, ili gari likinyooka usukani usicheze. Ile skrubu ya juu hukazwa boksi likiwa hapo katikati, na si kwingine. Boksi lako halikuwa katikati tena. Kwa hiyo usukani ulicheza, na fundi wako akakaza skrubu. Ukacheza bado, akakaza zaidi. Likienda moja kwa moja, likatulia. Lakini dereva akikata kona kidogo kushoto, boksi linapita katikati yake halisi, na pale, kwa sababu ya skrubu, linakwama. Dereva anasukuma kwa bega. Halafu linaachia ghafla na kuruka.

Lile daraja la nyumbani lina kona upande gani, Wafula? Yule wa bodaboda alikuwa upande gani?

Nilimuuliza Simiyu kama alikuwapo usukani ulipogeuzwa. Akaanza kuokota nati chini. Nikamuuliza tena. Akasema, "Fundi alitaka kurudi chini. Wafula akamwambia, nyoosha tu hapo juu, ndizi zimechelewa, itafika."

Itafika. Kama ningekuwa na mamlaka ningeifuta kauli hiyo midomoni mwa taifa hili kwa msasa. Daraja linajengwa kwa mchanga mchafu, itafika. Mgonjwa anapewa kitanda kisicho na dawa, itafika. Kukosa pula ni umaskini, na umaskini nauheshimu kwa sababu nimeuishi. Lakini kugeuza usukani ili dereva asione kosa ni uongo, na uongo huo hauna uhusiano wowote na umaskini. Usivichanganye ukiwa unajitetea mbele ya Mama.

Sisemi ulitaka kumuua. Najua ulitaka ndizi zifike. Ila ulipoona lori linayumba ulikuwa na maelezo mawili mbele yako, lile ulilolifanya wewe na lile la mikono ya mdogo wako. Ukachagua mikono yake.

Nilipofungua boksi nikakuta shafti ina ufa kwenye meno, mwembamba kama unywele, unaoanzia pale nyundo ilipopiga. Nikaenda mjini, Kirinyaga Road, kutafuta nyingine. Muuzaji wa kwanza akaniletea iliyo nene kuliko yangu. "Mathe, ni ileile, tofauti ni rangi."

"Basi iingize hapa nione."

Akajaribu. Haikuingia. "Unaweza kuisugua kidogo."

"Na wewe unaweza kusuguliwa kidogo kichwa," nikasema, na wenzake wakamcheka mpaka akacheka mwenyewe. Wa pili aliniambia niilete ile yenye ufa waichomee. Nikamwuliza kama angempandisha mwanawe kwenye lori hilo akishamaliza kuchomea. Akanipeleka kwa mwenzake wa nyuma, mzee mkali kama mimi, ambaye alinipimia kwa kipimo, akapata inayofaa, na ule mkono wa kuandamana nayo pia, ambao haujawahi kuonja moto. Tuligombana kuhusu siasa kwa muda mrefu kuliko tulivyogombana kuhusu bei.

Kwa hiyo lori lilikaa uani kwangu kwa sababu hiyo. Nimebadilisha shafti, beringi na sili za kuzuia oili isivuje. Nimeliweka boksi katikati yake, nikakaza skrubu hapo, nikafunga mkono kwa spana ya kipimo hadi pale kitabu kinaposema, si hadi pale jasho linaposema. Gurudumu la usukani nimelirudisha mahali pake pa haki. Na nimepiga alama ikatize mkono na shafti, nikaipaka rangi nyeupe. Pande zake mbili zikiacha kutazamana, nitajua kuna mtu amegusa, na sitauliza ni nani.

Jana tulilijaribu. Niliendesha mimi kwanza, peke yangu, kwa sababu kazi yangu lazima ijaribiwe na shingo yangu. Kisha nikamwachia Simiyu, nikaketi kando yake. Mama mkwe alifungua lango na kutuelekeza kwa fimbo kama askari wa barabarani. Tukashuka ule mteremko wa kwenda mtoni, na kwenye kona ya kwanza ya kushoto karibu atuue sote wawili.

Aliukata kwa bega. Alijiinua kitini kama alivyozoea, akasukuma kwa nguvu zake zote usukani ambao sasa unageuka kwa mkono mmoja, na lori likageuka kupita kiasi hadi kwenye ua wa miiba wa jirani. Akakanyaga breki. Tukasimama majani yakiwa yameingia dirishani. Nilifungua mdomo nimtukane, kisha nikamwona. Alikuwa ameachilia usukani. Aligusa kushoto kwa vidole viwili, ukaenda. Akagusa kulia, ukaenda.

"Dada," akasema. "Kumbe haikuwa mimi."

Akalala juu ya usukani, honi ikalia, na hakuiondoa mikono. Mwenye ua alikuja na panga akitukana, akamtazama, akarudi nyumbani kwake. Nimesoma vitabu vingi, Wafula, na nimegombana na watu wengi wenye vyeo, na nilichofanya ni kuketi kando yake mpaka honi iliponyamaza.

Leo ameshinda akilizungusha lori hapa mtaani kuufundisha mwili wake upya. Kesho asubuhi ataondoka, na barua hii ataileta yeye. Sikumficha nilichoandika, nilimsomea. Aliniomba niondoe jambo moja. Nikakataa, kwa sababu jambo hilo ndilo ninaloliandikia, nalo ni hili.

Mpango wako wa dereva mwingine uufute. Hilo nalitaka kwa sababu lori ni la Baba na sisi sote ni watoto wake. Lakini kurudishiwa ufunguo hakumtoshi. Ulimvua nguo mbele ya watu, huwezi kumvika faraghani. Sijui kama utapata maneno, maana wewe hodari wa maneno hukwama ukifika kwenye neno "nilikosa". Kwa hiyo sikudai maneno.

Jumapili baada ya kanisa watu watakula kwa Mama kama kawaida. Mwalike mchungaji, yule aliyemwagikiwa. Chakula kikishawekwa, Simiyu atanyanyuka kuchukua jagi, kwa sababu ndivyo alivyo. Mwambie aketi. Chukua jagi wewe, chukua beseni, uiname na huo mgongo wako, umnawishe Simiyu kwanza, kabla ya mchungaji, kabla yangu kama ningekuwapo, mbele ya wote waliocheka. Watakuuliza kwa nini. Hapo utajua la kusema, au Mama atakusemea.

Nisalimie Mama, na umwambie dawa ile ni ya magoti yake, si ya majirani. Nisalimie mkeo, shemeji yangu mvumilivu, ambaye najua atakusomea barua hii mara ya pili ukijifanya hukuelewa. Nisalimie shangazi yetu anayepiga kengele ya kanisa. Mke wa Simiyu mwambie nimemshonea mumewe kifungo cha shati, hicho ndicho kitu pekee nilichotengeneza vibaya. Fundi wako naye msalimie kwa dhati. Mwambie nina pula ya ziada nimemtumia, iko chini ya kiti cha abiria, na matumizi yake nitamfundisha nikija, bila kumdhalilisha.

Pamoja na pula utakuta gunia. Ndani yake mna ile shafti ya zamani. Itoe nje juani, uigeuze taratibu mpaka uone ufa.

Halafu mtazame Simiyu akinywa chai. Anashika kikombe kwa mkono mmoja sasa.

Mimi dada yako, ambaye hasira yake bado haijapoa,
Nanjala